Miche ya saguaro yenye tarehe ya kuzaliwa: kitalu kimoja kidogo nje ya Tucson

Ndugu zangu mnaokaa Arizona, hasa nyinyi ambao mmeanza kuhamia kwenye nyumba zenye uwanja, karibu kila mwezi kuna mtu ananiuliza mche wa saguaro niliupata wapi. Nimejibu kwa simu, nimejibu msikitini, nimejibu kwenye harusi. Leo naandika mara moja, kwa kirefu, nikisha nitakuwa natuma haya haya.

Saguaro ndiyo ile kaktasi ndefu kama nguzo yenye mikono iliyoinuliwa juu, ambayo kila picha ya Arizona inayo. Herufi za katikati zisikusumbue, wenyeji wanatamka sawaro. Huota yenyewe kwenye jangwa la Sonora tu, yaani Arizona na upande wa pili wa mpaka kule Meksiko, na vipande vichache vya California. Kitalu ninachokisifu hapa kiko magharibi ya mji, mwisho wa barabara ya kokoto. Mwenye nacho ni mama wa miaka zaidi ya sabini anayefanya kazi peke yake, na ameniomba nisiandike jina wala mtaa kwa sababu hana nguvu za kupokea umati. Nimemheshimu. Tukikutana ana kwa ana nitakuelekeza.

Ili mnielewe kwa nini nakisifu, nianze na nilikoumia.

Babu yangu alinipandia mwembe mwaka niliozaliwa, nyuma ya nyumba yetu Kondoa, na mpaka leo baba mdogo ananitumia picha ukianza kutoa maua. Kwa hiyo mwanangu wa kwanza alipozaliwa hapa Tucson Julai 2014, nilijua lazima nimpandie kitu. Mwembe hapa ni shida, baridi ya Januari inauchoma. Nikaona basi, apandiwe mti wa mahali alipozaliwa. Nikaenda duka moja kubwa la vifaa vya nyumba na bustani. Nje walikuwa wamepanga kaktasi juu ya mabenchi, na moja ya sentimita 50 ilikuwa na kibandiko kilichoandikwa saguaro. Dola 80. Nilimuuliza kijana wa dukani mara mbili, akanihakikishia. Nikaifunga kwa blanketi, nikaiweka kiti cha nyuma, nikaendesha polepole kama nilivyoendesha siku ile nilipomtoa mtoto hospitali.

Ikakua. Kila sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto tulisimamisha futi kamba kando yake, na kila mwaka ilikuwa imeongeza kiasi cha kiganja cha mkono. Kufikia 2023 ilikuwa na mita 1 na sentimita 70, imempita mtoto kwa mbali. Mama yangu akinipigia kutoka nyumbani, baada ya shikamoo na marahaba swali lake la pili lilikuwa, "Na mti wa mjukuu wangu unaendeleaje?" Nilikuwa namjibu kwa furaha, "Mama, unakimbia."

Laiti ningejua kwamba huko kukimbia ndiko kulikokuwa kunaisema. Saguaro haikimbii. Katika hifadhi ya taifa ya Saguaro, iliyopakana na mji wetu mashariki na magharibi, wamepima: ikiota porini, miaka minane ya mwanzo inapata sentimita mbili na nusu hadi nne. Miaka minane! Maua ya kwanza inatoa ikikaribia miaka 35. Mkono wa kwanza unatoka kati ya miaka 50 na 70, na penye ukame zaidi unaweza kungoja hadi 100. Kitaluni, kwa maji na kivuli, mambo huenda haraka kidogo, lakini hata huko mche haupandi kiganja kila mwaka.

Asubuhi moja ya Mei 2023 mwanangu akaingia ndani mbio. "Baba, njoo uone, saguaro yangu imeota panya!" Nikatoka na kikombe changu cha chai mkononi. Kweli, ubavuni, kiasi cha shubiri moja chini ya ncha, kulikuwa na kitu cha mviringo kimefunikwa manyoya ya kahawia iliyokoza, laini, ungedhani kinapumua. Lilikuwa tumba la ua. Nikaligusa kwa kidole na moyo ukazama, maana maua ya saguaro nilishayaona mara nyingi. Yanakaa juu kichwani kama taji, na shina la ua lake ni kijani lenye magamba madogo, halina sufu.

Jirani yetu ni mzee wa Kitohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili. Bibi yake alikuwa akimpeleka jangwani kila mwishoni mwa Juni kuangua matunda ya saguaro kwa upondo mrefu uliotengenezwa kwa mbavu kavu za saguaro yenyewe, na kwao saguaro huhesabiwa kuwa watu, haipigwi mawe, haitukanwi. Nikamwita. Akaizunguka mara moja, akavua kofia, akasema kwa upole kwamba mgeni huyu ametoka mbali: ni kaktasi ya kaskazini ya Argentina, ambayo wataalamu wanaiita Trichocereus terscheckii. Mmea mzuri, hauna kosa lolote. Wiki mbili baadaye ua lilifunguka usiku, jeupe, kubwa kuliko sahani ya kikombe, na familia nzima tulikaa nje na viti kulitazama. Lakini mwanangu aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwa hiyo yangu iko wapi?"

Dukani walinisikiliza, wakasema muda wa kurudisha bidhaa umepita. Basi.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kuzitofautisha, na yule mama wa kitalu ndiye aliyenifundisha zaidi. Nawapa niliyoyashika.

Anza na macho. Kwenye kila ubavu wa kaktasi kuna vidoa vya sufu vilivyopangana kwenda juu, kama macho ya muwa, na miiba yote hutoka humo. Kwa mche wa saguaro angalia kichwani, palipo na miiba mipya: ina wekundu wa waridi iliyofifia, halafu ikizeeka inakuwa ya kijivu. Ile ya Argentina miiba yake ni ya manjano kama majani makavu, mirefu, na mbavu ni chache, kati ya 8 na 14. Saguaro iliyokomaa ina 12 hadi 24, na pengine zaidi. Mche mdogo huanza na chache, kwa hiyo kuhesabu mbavu peke yake kutakupoteza.

Inayowachanganya hata watu wa hapa ni cardón, Pachycereus pringlei, ya Baja California na pwani ya Sonora. Hiyo ndiyo kaktasi ndefu kuliko zote duniani, iliwahi kupimwa moja ya zaidi ya mita 19. Ikiwa kubwa huwezi kukosea ukitazama inapogawanyika: cardón hutoa matawi chini karibu na ardhi, saguaro hupanda nguzo moja kwanza, mikono inakuja juu. Tunda la cardón limevikwa mahameli na miiba ya kahawia, la saguaro likipasuka linaonyesha nyama nyekundu inayong'aa hata watu huidhania ua. Zikiwa ndogo zinafanana sana, na hapo ndipo uaminifu wa muuzaji unapohitajika, kwa sababu jicho lako halitoshi. Nyingine mbili za jangwa hili, ile inayotoa mashina mengi kutoka chini kama filimbi za kinanda cha kanisani, na senita yenye mbavu tano hadi saba na ndevu za kijivu kichwani, hizo ukishaonyeshwa mara moja hutazisahau.

Na sisi tuliotoka nyumbani tusichanganye na ule mti wa kwetu wenye umbo la kinara, unaosimama kwenye miamba ya Kondoa na kando ya Bonde la Ufa. Ule si kaktasi. Ukiukata unatoa maziwa makali yanayoweza kukupofusha, na miiba yake inatoka miwili miwili bila jicho la sufu. Hata mpungate tunaoujua uliletwa kutoka huku Amerika. Kaktasi iliyofika Afrika bila kupelekwa na binadamu ni moja tu, inaning'inia kwenye miti ya msituni kama tambi, na ikikomaa hata miiba haina.

Sasa kitalu chenyewe.

Nilifika Jumamosi ya Oktoba 2023 na mwanangu. Hakuna bango. Kuna geti la waya, mbwa mmoja mzee, na meza ndefu kama kumi chini ya neti ya kivuli na miti ya palo verde. Juu ya meza ni trei, na kila trei ina kipande cha bati laini la aluminiamu kilichoandikwa kwa kuchorwa kwa msumari: mwezi, mwaka, na namba ya mti mama. Namba hizo ni za saguaro zake mwenyewe, zilizosimama pale pale kwenye eneo lake. Anaokota matunda, tunda moja lina mbegu kama 2,000, nyeusi, zinazong'aa, kubwa kidogo tu kuliko za mchicha. Anazisia Julai, mvua za kiangazi zinapoanza, kama jangwa lenyewe linavyofanya. Hanunui miche ya watu, hachanganyi trei, na ikitokea mche umeanguka kwenye trei nyingine hauuzi kwa jina la saguaro tena. Anaugawa bure.

Trei ya mwaka mmoja alituinamisha tuitazame kwa lenzi. Miche ilikuwa kama punje za choroko, kila mmoja na nywele nyeupe kichwani. Mwanangu akanyamaza kabisa. Yule mama akamuuliza, "Umezaliwa mwaka gani?" Akajibu, 2014. Akatuacha pale, akaenda meza ya mwisho, akarudi na trei moja yenye vyungu saba vilivyobaki. Bati limeandikwa Julai 2014.

Nawaambieni ukweli, nilishindwa kusema.

Mwanangu alichagua uliokuwa umeinama kidogo, sentimita 12, mnene, kama embe dogo lililosimama. Dola 60. Ukilinganisha na sentimita 50 kwa dola 80 utaona ghali. Mimi naona miaka tisa ya mtu kumwagilia na kufunika na kufunua kwa dola 60 ni bei ndogo. Dukani nilinunua urefu. Hapa nilinunua miaka, na imeandikwa kwenye bati.

Kabla hajapokea pesa alituuliza maswali: uwanja ni wenu au mmepanga? Kuna nyaya za umeme juu? Bomba la maji machafu linapita wapi? Saguaro ikikomaa inafika mita 12 na zaidi, ikijaa maji inaweza kuzidi tani sita. Mteja aliyekuwa mbele yetu alitaka kuipanda mita moja kutoka ukuta wa nyumba, akakataliwa kuuziwa mpaka atafute sehemu nyingine. Wengine wataona ni ukali. Mimi nimeona ndiyo huduma.

Mafunzo yanakuja pamoja na mche, bila malipo, na hakupi karatasi, anakuonyesha kwa mikono. Aliufunga mche kwa gazeti lililokunjwa kama mkanda, akautoa chunguni, akatuonyesha mizizi: mifupi, imetandaa, haijashuka chini. Udongo wake ni karibu wote mawe mepesi ya volkano, ya aina ile ile ya jiwe la kusugulia visigino, na mchanga mnene, na mbolea ya majani kiasi cha kuonja tu. Maji yapite, yasikae. Wengi tunaua kaktasi kwa huruma: tunaona jua kali, tunamwaga maji kila siku, na mche unaoza kuanzia chini huku juu bado kijani. Kiangazi tunamwagilia kila baada ya wiki moja au mbili, udongo ukishakauka kabisa. Baridi ikiingia tunaacha. Lakini, na hili sikulitegemea, mche wa mwaka wa kwanza na wa pili haukaushwi hivyo, huo unataka unyevu na kivuli. Ndiyo maana jangwani saguaro ndogo utaikuta chini ya mti mwingine, palo verde au mesquite, imelelewa kwenye kivuli cha mlezi wake miaka mingi mpaka itokeze kichwa juu ya matawi.

Jambo la mwisho alilofanya ni kuweka nukta ya rangi nyeupe kwenye ukingo wa chungu. Upande wa kusini. Ngozi iliyozoea kutazama kusini ni ngumu, ile ya kaskazini ni laini. Ukiipanda ukaigeuza, jua la Juni litaibabua na kovu halifutiki. Pale dukani hakuna aliyewahi kuniambia hilo.

Tuliupanda chini ya palo verde yetu, nukta ikitazama kusini. Usiku wa baridi kali mwanangu anaufunika kichwa kwa kile kikombe cheupe chepesi cha kahawa, cha povu gumu. Ukipita mitaa ya Tucson Januari utaona kaktasi za watu zimevaa vikombe hivyo hivyo. Mwaka huu wa 2025 tumepima kwa rula ya shule: sentimita 15 na milimita 4. Mwanangu ameandika kwenye daftari, na chini yake amechora mche kwa kipimo chake halisi, maana unaenea kwenye ukurasa.

Kasoro zipo na nitazisema. Anafungua Jumamosi asubuhi tu, na ikifika saa tano amechoka, anafunga geti hata kama kuna gari linangoja. Mara ya kwanza nilifika saa tano na robo nikarudi bure, maili 22 kwenda na 22 kurudi. Anapokea pesa taslimu peke yake. Mfuko wa udongo aliochanganya ni dola 18, na huo naona ni bei kubwa, ukinunua mawe na mchanga ukachanganya mwenyewe utaokoa zaidi ya nusu. Hatumi mche popote. Mwenzetu mmoja alitaka kumpelekea ndugu yake Arusha, akamweleza kwamba biashara ya kaktasi kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, bila vibali mche utakamatwa, na yeye haingii kwenye makaratasi hayo. Pia hakupi dhamana: mche ukifa umekufa. Mpaka sasa wetu na wa majirani watatu niliowapeleka yote iko hai.

Kuna jambo linanikera, na halimhusu yeye. Mara mbili nimefuatwa na watu wenye pikapu wakiniambia wana saguaro ya mita mbili, bei poa, waniletee usiku. Tafadhalini msikubali. Saguaro inalindwa na sheria ya Arizona, ikihamishwa lazima iwe na kibali na kibandiko cha idara ya kilimo ya jimbo, na katika hifadhi wamefikia kuzipandikiza chipu ndogo ndani ili zikiibwa zitambulike. Tena kubwa iliyong'olewa vibaya haionyeshi kwamba inakufa. Imejaa maji, inaweza kusimama miaka kadhaa ikiwa kijani, halafu siku moja inainama. Utakuwa umelipia maiti, na jangwa litakuwa limepoteza mti wa miaka 50. Zinapata shida ya kutosha bila sisi. Kiangazi cha 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo juu ya nyuzi 43, usiku haupoi, na saguaro za mjini zikawa zinadondosha mikono, nyingine zikaanguka nzima.

Ile ya Argentina bado ipo uwanjani, imefika mita 1 na 90, kila Mei inatupa maua na nyuki wanajaa. Mke wangu alisema mgeni akishalala kwako miaka tisa hafukuzwi. Tumeitengenezea kibandiko chake chenye jina sahihi.

Nyota: tano, ukiondoa nusu kwa saa za kufungua. Fika kabla ya saa tatu, beba noti ndogo ndogo, beba gazeti, na usiende na haraka, kwa sababu atakuuliza maswali na anangoja majibu. Miche yenye umri chini ya miaka saba haiuzi. Binti yetu alizaliwa 2019. Trei yake tumeshaonyeshwa, iko meza ya nne upande wa ukuta, vyungu 31, na mwakani ndiyo ataanza kuitoa.